Folda Niliyoifungua Mwenyewe

Jumamosi, Machi. Tunduma.

Mvua imeanza tangu alfajiri na foleni ya malori imefika hadi huku kwetu. Madereva wanapiga honi utadhani honi ndiyo itawavusha kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Wapige tu. Mimi leo nina raha zangu, maana nimefanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea kutoka kwa mwalimu mstaafu wa darasa la pili.

Laptopu yangu ilikuwa imechoka. Unaiwasha, unachemsha chai, unakunywa, ndipo inaamka. Jumatano mkwe wangu, mume wa binti yangu Eliza, aliichukua akaipiga windo upya, akafuta ile ya zamani na kuweka mpya. Ni fundi wa kompyuta, ana kibanda chake karibu na mpaka. Jana Eliza akanirudishia, inawaka chap, na ujumbe kutoka kwa mumewe: kila kitu kipo, ila folda moja imejifunga, na mama akiruhusu atakuja kuifungua.

Folda yenyewe inaitwa BINAFSI.

Nikajibu kwamba asisumbuke. Eliza akaniangalia kwa jicho lile la baba yake.

Humo ndani kuna kurasa za miezi ya mwisho ya baba Eliza, marehemu mume wangu. Alipokuwa amelazwa aliniambia maneno ya kuwasomea watoto, nami nikayaandika palepale kitandani kwake, yeye akisema taratibu na mimi nikimfuata. Jumamosi ijayo tunajengea kaburi lake kule Hasamba na ukoo wote utakuwepo. Nimeahidi kuyasoma. Sina nakala nyingine, na nikisema nitayakumbuka kwa kichwa nitakuwa najidanganya.

Ila kuna na ukurasa mwingine. Niliuandika mwaka ule mkwe alipoleta posa. Niliandika kwa hasira, na nilimtaja kwa jina.

Fundi akifungua folda lazima ahakikishe imefunguka. Atabofya faili hili, atabofya lile. Nilipofikiria macho ya yule kijana kwenye ukurasa ule, nilipata joto hadi masikioni. Nikaamua kwamba nitaifungua mimi. Nimefundisha watoto sabini darasa moja kusoma na kuandika, folda ni nini?

Asubuhi nikatafuta maelekezo kwenye simu, nikayanakili kwenye daftari kwa hatua, kama andalio la somo. Nikabofya folda. Ikasema sina ruhusa. Sina ruhusa ya kusoma niliyoyaandika mwenyewe! Nikaenda kwenye sehemu ya usalama, nikatafuta jina la mmiliki. Halikuwa jina, bali mstari mrefu wa herufi na namba. Maelekezo yakasema huyo ni mimi wa zamani. Ukipiga windo upya, kompyuta inakupa namba mpya, na mwenye namba ya zamani haimjui tena.

Dawa yake ni kubadilisha mmiliki. Unaandika jina lako, unathibitisha, basi.

Nikaandika Rhoda. Ikasema hakuna mtu wa jina hilo.

Nikaandika kwa herufi kubwa. Hakuna. Nikaandika Mwalimu Rhoda, kama ilivyokuwa kwenye windo ya zamani. Hakuna. Nikaweka na jina la ubatizo, na la baba, na la baba Eliza. Hakuna, hakuna, hakuna. Saa nzima ikapita. Nakiri kwamba nilishika simu nimpigie Eliza amlete mumewe, nikaiweka, nikaishika tena. Nilimwaza baba Eliza na maneno yake yamefungiwa humo, na mimi mkewe nashindwa kwa sababu ya aibu zangu.

Nikarudi kwenye daftari. Kulikuwa na mstari niliouruka: hakikisha kwanza jina unalotumia kwenye kompyuta hii. Mkwe hakuweka nywila, kwa hiyo mashine ilikuwa inaingia moja kwa moja na sikuwahi kuliona. Nikabofya pale chini, likatokea.

Mama.

Nilikaa nikiliangalia. Kwao na kwetu ni kitu kimoja: jina la mama mkwe halitamkwi. Hatuli meza moja, mambo yetu yanapitia kwa Eliza, na jina langu hajawahi kuliweka mdomoni. Sikujua kwamba hata akiwa peke yake kibandani, hakuna anayemwona, vidole vyake navyo vinakataa kuliandika.

Nikaandika Mama. Ikakubali mara moja.

Folda ya nje ikafunguka, za ndani zikagoma. Nilikuwa sijaweka tiki kwenye kile kiboksi cha kubadilisha na vilivyomo ndani. Nikarudi, nikaweka tiki, nikajipa ruhusa zote bila kumwomba mtu. Majina ya mafaili yakapita mbio kwenye kioo, na mimi nikapiga kigelegele peke yangu sebuleni.

Maneno ya baba Eliza yapo yote. "Msigombanie shamba la kahawa. Mama yenu msimwache peke yake Krismasi." Nimelia kidogo. Nimeyachapa na nakala nimeiweka ndani ya Biblia.

Halafu nikaufungua ule ukurasa, nikiwa na nia ya kuufuta. Nimeandika kwamba ni mtu wa mpakani, leo huku kesho kule, Kiswahili nusu Kibemba nusu, na mwishoni nimepigia mstari: huyu kijana hana heshima.

Hana heshima.

Asubuhi yote nimehangaika mlangoni mwa folda kwa sababu ya heshima ya huyo huyo kijana.

Jioni Eliza alipiga simu kuuliza kama nimeweza. Nikamwambia nimeweza, tena vizuri sana. Nikamsikia akimwambia mumewe, na mumewe akajibu kwa mbali, "Mwambie mama nashukuru. Mashine iliniuliza kama niendelee kuifungua, nikaona hapana, hayo ni ya mama."

Nilikata simu mapema, nisije nikalia na hapo.

Sijaufuta ukurasa. Ningeufuta ningebaki mtu mwema machoni pa wote isipokuwa pangu. Kesho wanakuja kwangu baada ya ibada. Nitamwambia kwamba siku ile ya posa nilimkataa moyoni, na kwamba nilikosea. Atainamisha macho, nami pengine nitainamisha yangu. Eliza atataka kuyapokea maneno ayafikishe, kama siku zote.

Nitamwomba akae. Haya nitayasema mwenyewe.