Juisi ya Mama Mkwe Kwenye Chupa ya Chai

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijamvunja moyo mama mkwe wangu. Mimi ni fundi wa makochi, mke wangu yuko kiwanda cha nguo, kwa hiyo binti yetu wa miaka minne hushinda na bibi yake, ambaye tulimwomba wenyewe aje kuishi nasi, na kusema kweli anamlea mtoto kama yai. Mama huyu aliuza chai maofisini miaka mingi na anaamini kitu kikishafungwa ndani ya chupa ya chai hakiharibiki, basi kila asubuhi anakamua machungwa na nanasi, anajaza chupa, na mtoto anajimiminia kwenye kifuniko mchana kutwa, funda hili sasa, jingine baadaye. Meno ya mbele yalipoanza kuwa ya kahawia tukampeleka kwa daktari, naye akauliza nani anampa mtoto soda, mama akajibu kwa fahari, "Mjukuu wangu soda haijui hata rangi," na tulipotoka akanigeukia, "Baba, hayo ni meno ya upande wenu," nikacheka, lakini nyumbani nilipofungua ile chupa ilinuka uchachu. Nilipomuuliza akasema inayobaki haimwagi, anaongezea mpya juu yake, na ikichachuka anatia sukari. Mke wangu anasema, "Ukimgusa mama kwa hilo, atafunga mzigo leo leo." Sasa nikirudi mchana kula naimaliza chupa yote mwenyewe ili mtoto asinywe, na jino langu la nyuma limeanza kunivuta. Nifanye nini?
Fundi Makochi

Fundi, kwanza acha kuinywa hiyo juisi. Ya asubuhi mtoto keshakunywa, na bibi akiikuta chupa tupu atakamua nyingi zaidi, akidhani mnaipenda.

Nia ya mama ni njema. Lakini juisi, hata ya kukamuliwa nyumbani, ina sukari na tindikali kama soda. Ikishinda ndani ya chupa juu ya masalia ya jana inachacha, na tindikali inazidi. Sukari anayotia inaudanganya ulimi tu, meno hayadanganyiki. Na kunywa funda kwa funda kutwa nzima kunayanyima meno nafasi ya kupumzika. Usikimbilie juisi za pakiti, ni yale yale. Friji nayo huchelewesha kuchacha, sukari haiiondoi.

Wewe unajificha nyuma ya mkeo. Mtu aliyeuza chai maofisini amewahi kuambiwa chai imepoa, na kesho yake akarudi na ya moto; hata hili atalipokea. Keti naye leo, mkeo akiwepo. Usiseme "umemharibu mtoto." Mweleze harufu uliyoisikia, kisha umwombe: chupa ioshwe vizuri, ijazwe maji matupu. Juisi iwe kikombe kidogo, inywewe pamoja na chakula, inayobaki imwagwe. Mtoto asukutue kwa maji, mswaki usubiri kama nusu saa. Usiku akishapiga mswaki, ni maji tu.

Mama akilia, mwache alie, lakini usirudi nyuma. Akianza kufunga mzigo, mwambie ukweli: meno yale lazima yatibiwe, na mtoto akikalishwa kwenye kiti cha daktari, atakayemtafuta kwa macho ni bibi yake. Weka miadi wiki hii, nawe ukaonyeshe hilo jino lako. Mama aende nanyi, akamshike mjukuu wake mkono.