Nauza Mboga Ambazo Kwangu Sizipiki

Mama Liliane wa redio,

Mi nakuandikia juu hakuna mutu mwingine naweza kuambia hii neno, hata padri nilimuficha, na nimechoka, kulala silali, asubuhi naamuka, nachota maji, namwagilia mboga, naenda soko, narudi, na roho iko palepale.

Bwana yangu Théogène anatengenezea wavuvi uzito wa kuzamisha nyavu. Ananunua batri za gari zenye zimekufa, anazivunja, ile chuma laini ya ndani anayeyusha kwa sufuria ya zamani, anamimina, wavuvi wanakuja kuchukua. Lupango yetu, kiwanja yote ya nyumba, ni mawe tupu ya volkano, hata maharagi inakataa, ila pale nyuma, penye Théogène alikuwa anafanyia kazi zamani na kutupa majivu, udongo ni mweusi, laini, basi mi nikachukua jembe nikapanda lengalenga, ile mchicha yetu, na zikakubali, majani makubwa, kila mutu sokoni ananiuliza natia mbolea gani.

Kuko mama moja, tumuite Donatille, anauza sambaza, samaki wale wadogo, kando yangu. Tulilala chini ya shitingi moja, turubai ya wakimbizi, kambini kule Goma, na mutoto wake Régis alizaliwa pale, mi ndiye nilimupokea kwa hii mikono. Sasa iko na miaka tatu na anagonjwa, tumbo inamukata, amepauka, na maneno yenye alikuwa anajua kusema anaanza kupoteza. Kwa dispansere, zahanati yetu, walimupa dawa ya minyoo mara mbili, bila kupona. Wakasema damu ni kidogo, akule majani mengi. Basi Donatille anakuja kwangu kila siku, na mi juu ya huruma namuwekea matabishi, anachukua fungu moja, naongeza ingine bure.

Mwezi uliopita nilimusindikiza kwa munganga wa hospitali. Akafungua mutoto kinywa, akaangalia ufizi, akamuuliza Donatille, «Kwenu kuko mutu anafanya kazi na batri?» Donatille akasema hapana, juu yeye anajua tu Théogène anauza uzito, penye inatoka hajui. Munganga akaniangalia na mi pia. Mi nikaangalia chini. Akatuambia ile chuma ya batri inaingia kwa udongo, inapanda kwa majani, mutoto anaikula inakaa kwa damu.

Tangu ile siku sijapikia tena watoto wangu zile mboga kwa nyumba yangu. Lakini kuuza, nauza. Théogène anasema, «We funga kinywa, wavuvi wakisikia tutakula nini?» Na juzi Donatille alinikamata mukono, akaniambia, «Dada, bila mboga yako huyu mutoto angekuwa amekufa.» Mi nikamufungia mafungu tatu. Nikimuambia ukweli, nimemupoteza, na mi sina dada mwingine. Nifanye nini, mama?

Muuza mboga, Rubavu

*

Dada,

Nimeisoma barua yako, nikaiweka, nikanywa chai, nikaisoma tena, maana nilitumaini sikuelewa vizuri. Nilielewa.

Kwanza nikupe haki yako. Ulipopanda hukujua. Sote tuliorudi katika mji huu tulirudi mikono mitupu, na mtu akiona udongo mweusi katikati ya mawe hatauliza umetoka wapi. Kwa hilo sikulaumu. Lakini siku ulipoacha kuzipika kwako, ulijua. Wanao umewaondolea kwenye sahani, wa Donatille ukamwongezea. Usiniambie ni huruma, dada. Mimi naiita woga, na nakuambia hivyo kwa sababu na mimi nimewahi kuogopa mtu ninayempenda.

Chuma hiyo laini ya batri ndiyo madini ya risasi, na ni sumu. Nimemuuliza daktari, akasema ukiosha majani unatoa vumbi tu, na iliyokwisha kuingia ndani ya jani haitoki hata uchemshe mpaka jioni. Inamaliza damu, inasokota tumbo, na kwa mtoto mdogo inaharibu akili, na pengine kinachoharibika hakirudi. Mama mjamzito humpitishia aliye tumboni. Na usijidanganye kwamba wako wamesalimika. Wanacheza kwenye uwanja huohuo, na baba yao anawabeba akiwa na nguo za kazi. Wapeleke nao wakapimwe.

Leo usichume hata jani moja. Ng'oa zote. Usimpe mbuzi, usimpe sungura, na usizipeleke ng'ambo ya mpaka, kule Grande Barrière, kwa watu wasiokujua, maana wazo hilo najua litakupitia kichwani. Zifunge kwenye gunia, uwaulize kwenye dispansere pa kuzitupa, na pale pasilimwe tena chakula. Wote waliokuzoea sokoni waambie, mmoja mmoja. Théogène ahamishe sufuria yake mbali na nyumba na watoto, aoge na abadilishe nguo kabla ya kuingia ndani. Akikasirika, mwambie Liliane amesema, anikasirikie mimi. Wavuvi watamfuata huko atakakokuwa.

Halafu Donatille. Usimtume mtu. Mwambie kwa kinywa chako: mboga zangu zimemea kwenye majivu ya batri, nimejua tangu mwezi uliopita, nikanyamaza. Komea hapo. Usianze kumweleza kuhusu wavuvi, wala usilie kabla yake. Atakutukana, pengine mbele ya soko zima. Simama umsikilize mpaka amalize. Kisha mchukue mtoto mwende wote kwa yule mganga, umpe jibu ulilomnyima, kwa sababu mpaka sasa anamtibu Régis akipapasa gizani, hajui sumu inatoka wapi, na kila siku unayonyamaza mtoto anaila tena.

Umeniuliza ufanyeje usimpoteze dada yako. Sijui. Huenda ukampoteza, na siwezi kukudanganya hewani kwamba atakusamehe. Ila mtoto bado yupo.

Sasa ni saa nne asubuhi, na Donatille hajainjika chungu cha mchana. Zima redio uende.