Dawa ya Mahindi Mikononi mwa Mama

Jumatatu, 3 Novemba
Mahindi yamekauka, kila mkulima anataka dawa ya kuhifadhia. Nimeuza tangu asubuhi. Mikono myeupe kwa unga wa dawa, pua inawasha. Mama kwenye kiti chake nyuma ya kaunta, ananiuliza duka hili ni la nani. Nikamwambia ni langu. Akauliza tena.

Alhamisi, 6 Novemba
Daktari wa utafiti amepiga simu. Majibu ya damu niliyotoa mwezi wa tano yako tayari, niende Jumanne. Wanachunguza ugonjwa wa Mama, Alzheimer, ule wa kusahau, kwa wagonjwa na watoto wao. Wanapima telomea, zile ncha za kromosomu zinazopungua mtu akizeeka. Wanataka kujua kama moshi na dawa za wadudu huzimaliza mapema. Nilikubali kwa sababu ya chai na mandazi, mjinga mimi. Sasa naogopa.

Jumapili, 9 Novemba
Sikusikia mahubiri. Nilikuwa nawaza nyumba yetu ya zamani, kule kijijini Plateau. Wezi wa mahindi walikuwa wengi, kwa hivyo magunia yalilala ndani na sisi watoto juu yake. Mama alichanganya dawa kwa mikono mitupu, kisha akatutandikia blanketi. Tulipiga chafya tukicheka.

Baada ya ibada nimesahau jina la mke wa pasta. Namjua miaka mingi.

Jumanne, 11 Novemba
Telomea zangu ni fupi. Fupi kuliko za wanawake wengi wa umri wangu.

"Mama Shiru, hii si kusema utaugua," daktari akaniambia. "Kuna watu wako na fupi na wako sawa tu."

Akaongeza kwamba hata dawa ya mahindi hawawezi kuilaumu bado. Mimi nilisikia fupi tu. Nikarudi dukani, nikauza pakiti zingine. Ningefanya nini?

Ijumaa, 14 Novemba
Tumeponea chupuchupu. Nikiwa na mteja, Mama alichukua pakiti ya dawa, akaimwaga yote jikoni kwenye sufuria ya githeri ya jana, mahindi na maharagwe. Nimemkuta anachanganya kwa mikono, taratibu, vizuri kabisa, kama zamani. Jina langu limemtoka, kazi hii imebaki. Nikapiga mayowe hadi majirani wakaja. Hakuwa ameonja. Githeri yote nimeitupa.

Jumamosi, 15 Novemba
Sijafungua duka. Wateja wamegonga wakachoka.

Nimemnawisha Mama kwenye beseni. Weupe ulikuwa bado chini ya kucha. Nikalia. Akaniangalia kama mgeni, kisha akashika mikono yangu, akaanza kuisugua kwa sabuni, kidole kwa kidole.

"Usilie, msichana," akasema. "Hii inatoka."

Nikamwachia mikono.