Bangili Iliyofika Bila Neno

Greensboro, North Carolina,
Marekani.
7 Julai 2002

Mpendwa dada yangu H'Blen,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili. Miguu yako je, bado inavimba ukitoka shambani? Na kahawa, imepata mvua mwaka huu au imekauka ikiwa na maua? Sisi tunapumua. Baba watoto, Y Tluop, analalamika kifua, lakini sahani yake hurudi jikoni tupu, kwa hiyo sina wasiwasi naye.

Barua hii haipiti posta, itakuja na yule mama anayenunua kahawa. Isome peke yako, kisha itie motoni. Kaka yetu Y Bhim asiione kabisa. Utaelewa kwa nini.

Tangu tuliposikia kwamba watu wetu wa milimani, wale walioikimbia serikali wakavuka mpaka kuingia Kambodia, wataletwa huku, sisi tuliotangulia tumegeuka wapagazi. Kanisa moja la Wazungu limetupa ghala, na kila Jumamosi tunabeba magodoro, meza na masufuria. Hakuna anayelipwa. Watu wanatoa walichonacho, Mungu awabariki, ila wapo waliotuletea makoti ya theluji katika jua hili la kupasua vichwa.

Anayetuongoza ni Bi Lorraine, muuguzi mstaafu, mwanamke asiyejua kukaa. Alijaza majokofu ya wageni maziwa na jibini. Nikamwambia, "Bibi, wakila hiyo jibini wataomba warudishwe kambini." Akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akanipeleka mwenyewe kununua mchele, pilipili na mchuzi wa samaki. Nyanya chungu nilichuma bustanini kwangu.

Tuliambiwa wengi wao ni wanaume waliowaacha wake zao nyuma, basi tutayarishe nyumba za wanaume watupu. Dada, kwetu nyumba ni ya mwanamke, na mwanamume huingia kwa mkewe. Nyumba isiyo na mwenyewe sikujua hata nianze kuipanga kutokea wapi. Nilitandika vitanda huku roho inanisuta, kama ninayewatandikia yatima.

Siku yao ilipofika tulikwenda uwanja wa ndege na maua. Majina tuliyopewa yalikuwa yameandikwa vibaya kiasi kwamba mwenyewe akiitwa asingeitika, kwa hiyo sikujua nani anakuja. Wakatoka, wamekonda, wanatembea wameshikana mashati. Mmoja wao akaja moja kwa moja mpaka mbele yangu, akainama.

"Mama mdogo, ni mimi mkwe wako."

Alikuwa Y Suar, mume wa binti yako H'Juel.

Ndiyo, dada. Yule yule mliyemlilia. Uliniandikia kwamba mwanamke msiyemjua alileta bangili ya ndoa ya Y Suar, akaiweka mlangoni akaondoka bila neno, na Y Bhim akasema bangili haitoki mkononi mwa mwanamume aliye hai. Anayemwacha mke huja na mtungi wa pombe na nguruwe, akakaa mbele ya wajomba. Hii imekuja kimya, basi mwenyewe kazikwa porini. Nililia kwa barua hiyo mpaka majirani wakagonga mlango. Halafu ukaniandikia kwamba ukoo wa Y Suar umemtoa mdogo wake, Y Duen, ashike nafasi ya kaka yake kama desturi inavyotaka, ili H'Juel asibaki pweke na watoto wasikose baba. Na barua yako ya mwisho ikasema H'Juel ni mjamzito.

Nilisimama pale na maua mkononi. Nikamwambia, "Karibu, mwanangu."

Nikawa natafuta pa kujificha ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Kila akija kuniuliza habari za nyumbani, mimi nina sufuria jikoni. Nikamwambia Y Tluop, "Mwambie wewe, mwanamume mwenzako." Akanijibu, "Mimi? Wewe ndiwe mama mkwe. Mimi nitamshikia kiti tu akianguka." Mwanamume huyo alipigana porini miaka na miaka, lakini kwa hili alikimbia.

Kisha Bi Lorraine akaja kuwauliza wageni mmoja mmoja wamemwacha nani, ili waanze kusaidiwa kuwaita wake zao. Mkalimani ni mimi. Ilipofika zamu ya Y Suar, akajiweka sawa kwenye kiti akasema, "Mke wangu H'Juel na watoto wetu wawili. Mwambie nitafanya kazi yoyote, hata ya kuchinja kuku usiku kucha." Nikatafsiri. Bi Lorraine akamshika bega, akaniambia nimweleze kwamba hata ikichukua muda mrefu, mkewe atakuja. Hilo nalo nikalitafsiri, dada. Nikaona kwamba nikinyamaza tena nitakuwa nimemchimbia shimo kwa mikono yangu.

Kesho yake baada ya ibada nikamwita bustanini, nikamwambia yote. Sikumficha hata mimba.

Hakuanguka. Alikaa chini kwenye udongo akanieleza mkasa wa bangili. Kule kambini kulikuwa na mtu wa kijiji cha pili aliyeamua kurudi kwao. Y Suar akampa maneno ya kumfikishia H'Juel, kwamba yu mzima na asubiri. Akaogopa kwamba H'Juel hatamwamini mtu baki, maana siku zile kila mgeni alidhaniwa mpelelezi. Akavua bangili ampe, iwe shahidi wake. Baadaye habari zikafika kambini kwamba yule mtu alikamatwa njiani. Inaelekea bangili ilitoka kifungoni mikononi mwa mwanamke aliyepeleka chakula, naye alielekezwa nyumba tu, maneno hakuyajua.

"Nilijua desturi," akasema. "Lakini nilidhani maneno yatatangulia."

Nikamuuliza, "Sasa niandike nini nyumbani?"

"Usiandike kitu. Nikiwa hai, mdogo wangu ni mzinzi, na mke wangu naye pia. Mjomba Y Bhim atadai faini za nyati, na mtoto atazaliwa katikati ya kesi. Nikiwa nimekufa, wote wako salama. Acha nife, mama."

Nimemsikia, ila sijamtii. Maji yakimwagika hayazoleki, najua, lakini mwenye nyumba ni wewe, na H'Juel si mtungi wa kuhamishwa kona na wajomba. Y Bhim alifanya haraka, na sisi wanawake tukamwachia. Nina hasira naye, na ningekuwa karibu angenisikia.

Kwa hiyo nakuomba, umwite H'Juel mbali na watu, umwambie mumewe wa kwanza yu hai na yuko wapi. Aamue mwenyewe kama ataitwa huku na kumwacha Y Duen, au atabaki. Mimi sina la kumshauri, kila njia ina mtu atakayelia. Jibu lake lolote niletee mimi. Bi Lorraine anangoja kujaza fomu za kumwita H'Juel, na ili asubiri nimemdanganya kwamba Y Suar ana homa.

Yeye haumwi. Jana tulikuwa tunaandaa nyumba ya familia inayokuja wiki ijayo, mama, baba na watoto. Y Suar alibeba kitanda cha mume na mke peke yake ngazi zote, akakataa kusaidiwa.

Nisalimie mama mkubwa, na Y Duen umwambie aendelee kuwalea wale watoto vizuri. Wabusu watoto wote wawili. H'Juel mpe salamu zangu mimi. Nilimuuliza Y Suar kama ana zake za kumpelekea. Akanijibu kwamba marehemu hatumi salamu, akaendelea kukaza skrubu za kitanda.

Mungu aufunike mlango wenu kwa mkono wake.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
H'Rim