Joto la kwapani

Jumanne, mvua haijakatika

Nimenyamaza tena. Kile kihita cha maabara, kidogo kama kiberiti, cha kupashia vichupa vya damu ya utafiti, nilikiangusha mimi wiki iliyopita kikafa. Niliogopa kusema, maana wanapunguza wafanyakazi.

Dokta Sekela, mwenye utafiti huo, husema damu ile inataka joto la mwili tu. Basi nikavibana vichupa kwapani. Na siku hiyo nilikuwa na malaria, mwili unaungua! Kwenye daftari nikaandika joto liko sawa.

Leo kaniambia, “Baba Atupele, vipimo vyote vimeharibika. Daftari lako halina kosa, kwa hiyo kosa ni langu.”

Nikamjibu, “Pole, Dokta.”

Kesho anarudi Dar kusema ameshindwa. Nitambebea mizigo mpaka stendi, na najijua, sitasema.