Kazi ya Tano

Norsborg, Stockholm
3 Februari 1986

Mjukuu wangu Method,

Pokea salamu zangu. Hujambo? Babu yako anaendeleaje? Mimi mzima, ila baridi ya huku inang'ata kama siafu. Mtoto wa shangazi yako Clementina anakua. Namwogesha mwenyewe, maana hao manesi wa Kizungu wanaogesha mtoto kama wanaosuuza kikombe.

Shangazi yako kabandika karatasi mlangoni mwa friji. Kila jioni anaandika kazi za kesho: nguo, kliniki, madukani Skärholmen. Akimaliza moja, anaipiga mstari. Nilimcheka, kisha nikaona hasahau kitu. Basi na mimi kisomo cha watu wazima nilikisoma, cheti ninacho. Kazi zako hizi hapa. Moja, ziba bati la jikoni. Mbili, palilia kahawa. Tatu, jenga upya banda la mbuzi. Nne, mpelekee jirani yetu Getrude mbegu za maharage. Tano, mpeleke Babu hospitali ya misheni, kile kikohozi sikukipenda nilipoondoka.

Fuata namba, usiruke! Nakujua wewe, kuku: unadonoa hapa, unakimbilia kule.

Bibi yako,
Paskalia


Muleba
27 Februari 1986

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, tunashukuru Mungu. Tumefurahi kusikia mtoto anakua.

Namba moja nimepiga mstari. Namba mbili nimepiga mstari. Banda la mbuzi linangoja misumari, madukani hakuna. Mbegu za Mama Getrude bado, na Babu bado, kwa sababu ulisema nisiruke. Anakohoa sana, asubuhi anakaa juani. Siku hizi ni uji tu, ndizi zinamshinda. Anasema usiwe na wasiwasi, na kwamba umefika Ulaya ukaanza kututawala kwa karatasi.

Mjukuu wako,
Method


Norsborg
20 Machi 1986

Method,

Marahaba, ingawa hustahili. Natumaini mnaamka salama. Huku theluji bado imelala.

Hivi wewe una akili au una masikio tu? Nyumba ikishika moto, utamaliza kwanza kufagia kwa kuwa ufagio ni namba moja? Niliandika kama yalivyonijia kichwani! Mtu hangoji misumari. Ile karatasi ichome. Mpya ina neno moja: Babu. Mpakie kwenye baiskeli, mbebe kwa machela, mbebe mgongoni, shauri yako. Akikataa mwambie ni mimi nimesema.

Halafu niandikie kila ulichofanya, usiache hata kimoja. Na hilo neno lako "bado" nisilione tena.

Bibi yako,
Paskalia


Muleba
14 Aprili 1986

Bibi,

Shikamoo. Wote hapa nyumbani wanakusalimu.

Ulisema niandike kila nilichofanya. Nimefyeka ua wote mpaka barabarani. Nimekata nyasi, nimezitandika vyumba vyote. Nimepasua kuni. Nimeazima masufuria makubwa ya parokia, na mabenchi. Nimempokea Baba Mkubwa Josiah kutoka Mwanza, na wengine waliokuja naye. Kesho anakwenda mjini posta kumpigia Shangazi simu.

Baba Mkubwa anaisoma barua hii kabla sijaifunga. Anasema wewe furahia mtoto, usiharakishe kurudi.

Mjukuu wako,
Method


Norsborg
6 Mei 1986

Method,

Leo sikuulizi hali.

Masufuria ya parokia hayapikii uji wa mgonjwa. Nyasi hazitandikwi nyumba nzima kwa ajili ya mtu mmoja anayekohoa. Mwambie Josiah mimi ndiye niliyemzaa, na kuficha mambo alijifunza kwangu, hanishindi. Barua imetembea wiki tatu. Mmeshamzika.

Wewe sikugombezi. Nilikuambia uandike ulichofanya, ukaandika.

Ile simu ya Josiah ilifika. Clementina aliniambia ni watu wa kazini kwake, akaingia bafuni akafungulia maji. Tangu hapo anazungumza nami taratibu, kama mimi ndiye niliyezaa. Leo nimeisoma barua yako mezani, nikamwuliza, "Clementina, baba yako yuko wapi?" Akamhamisha mtoto bega la pili, akaanza kunijibu Kiswidi. Mimi, mama yake! Akaongea, akaongea, sikuelewa hata neno. Nikamwacha amalize. Kisha nikamwomba kalamu.

Tiketi yangu ni ya mwisho wa Juni. Nitakuja nikae kwenye hizo nyasi zenu, na watu watanisimulia kila mmoja la kwake. Kabla yao nataka lako. Andika peke yako, ukafunge bahasha hukohuko posta, Josiah asiishike. Babu yako alifika hospitali, au alikufa wewe unatafuta misumari?

Bibi yako,
Paskalia