Kisu cha Mkono wa Kushoto

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mama, pamoja na za Mzee Polepole, ambaye kila tukikutana ananiuliza utarudi lini, kana kwamba mimi ndiye niliyekufungia kabatini. Natumaini barua hii inakukuta mzima, vidole vyote kumi vikiwa salama na hizo sindano za kushonea mahema, na kile kikohozi ulichokitaja kimeshakuacha. Sisi huku tunaendelea vizuri. Goti la mama limepona, siku hizi anatembea mwenyewe mpaka kitaluni kuja kunikagua. Macho yake ndiyo yanayosumbua, lakini hayo nitakueleza mbele.

Kifurushi chako kilifika Jumanne, barua ikiwa ndani. Ahsante sana, dada. Kisu ni kizuri, mpini wake mweusi umelainika kama sabuni iliyokwisha nusu, na kinakunjuka bila kelele. Nimekipa jina la Mgeni mpaka nitakapokizoea. Sasa vimefika kumi na kimoja ndani ya lile kopo la biskuti, na kifuniko hakifungi mpaka nikikalie.

Umeniuliza siku hizi nabeba kipi. Najua umeuliza kwa utani, lakini mwenzio swali hilo ndilo ninaloamka nalo. Sheria ya baba unaikumbuka: mkataji habebi visu viwili, maana atakuwa anakilaumu kimojawapo kila mche unapokufa. Basi kila asubuhi, kabla ya chai, nakaa ukingoni mwa kitanda, namwaga kopo juu ya shuka na kuanza kuchagua kama bibi harusi anayechagua viatu. Mama akisikia mlio wa vyuma anapiga kelele kutoka jikoni kwamba miche inanisubiri.

Kile chekundu ulichotuma mwaka wa kwanza, chenye mkasi, kifungulio cha chupa na kibanio ambacho hadi leo sijui ni cha kubania nini, nakibeba siku nikitaka kucheka. Cha pembe ni kizito, hicho ni cha siku za wanunuzi wakubwa, ili msimamizi aone kwamba na mimi ni mtu. Kuna Mkaidi, aliyenikata gumba mara mbili, yeye nambeba nikiwa nimeamka na hasira, tukamalizane huko huko. Halafu kuna kile cha mpini wa mbao. Mvua ikinyesha kinavimba, hakikunjuki mpaka nikipashe joto kwapani. Nikikukumbuka sana nabeba hicho, kwa sababu na wewe asubuhi ulikuwa hivyo hivyo, hufungui mdomo mpaka upate chai ya pili. Mwaka huu, dada, nimekibeba siku nyingi kuliko vyote.

Lakini sitakudanganya kwamba vinakata vizuri. Vyote kumi na kimoja vimenolewa kwa ajili ya mkono wa kulia. Unajua kisu cha kazi yetu hunolewa upande mmoja tu, na mimi nimerithi mkono wa baba. Nikikishika kwa kushoto, makali yanazama ndani ya shina badala ya kuteleza, na mkato unatoka na kibonde katikati. Kila ulichotuma kabla ya Mgeni nimekaa nacho wiki mbili mbele ya jiwe la kunolea, nikijaribu kukigeuza. Kinageuka kidogo tu. Hata hivyo nakishukuru, kwa kuwa wiki mbili hizo huwa nahisi kama umeketi upande wa pili wa jiwe.

Kazini mambo ni yale yale. Bado tunaunganisha michungwa juu ya mashina ya milimau, na bado kila mche unafungiwa kibati chenye alama mbili, ya aliyekata na ya aliyefunga. Alama yangu inakaa na ya Mzee Polepole. Ni mtu mwema, sina neno naye, ila mimi nikishakata na kukutanisha kikonyo, kile kijiti cha mchungwa, na shina, yeye ndiyo kwanza anatafuta miwani. Akiipata miwani, hauoni utepe. Mkato unakauka tunauangalia. Wewe ulikuwa unazungusha utepe kabla sijaondoa kidole, mara nyingine ulikifunga na kidole changu humo humo. Mwezi uliopita msimamizi alihesabu miche iliyokufa, akaniuliza kama tatizo ni kisu. Nikamjibu kwamba ndiyo, ni kisu. Ningemwambia nini? Kwamba mfungaji wangu yuko ng'ambo anashona mahema?

Sasa nije kwenye barua yako. Umeandika kwamba mwaka huu pia huji. Umesema umesikia habari za fundi mmoja wa visu, upande wa pili wa mji huo, anayeweza kunoa kwa ajili ya mkono wa kushoto akipewa mchoro, nawe umekaa Jumapili nzima ukichora kisu cha baba kutoka kichwani mwako. Umesema mpaka ukitie mkononi mwangu kisu kama kile ulichokipoteza, huwezi kukanyaga mlango wa mama. Nimeyasoma maneno hayo mara nne. Mara ya tano mama aliniomba nimsomee kwa sauti, nilipofika hapo nikaruka, nikaenda moja kwa moja kwenye salamu. Mama aliuliza tu mbona karatasi ina maandishi pande zote mbili na mimi nimesoma upande mmoja.

Kuhusu macho yake, daktari amesema kilichopotea hakitarudi, na kilichobaki kinakwenda taratibu. Huenda ni mwaka, huenda zaidi kidogo. Mama aliipokea habari hiyo vizuri kuliko nilivyoipokea mimi. Njiani tukirudi aliniambia kwamba nyumba anaijua kwa miguu, jikoni anapajua kwa mikono, na mimi ananijua kwa kelele zangu. Akasema uso mmoja tu ndio anaotaka kuuona kabla taa haijazimwa. Hakukutaja jina wala cheo, dada, lakini sisi ni wawili tu tuliozaliwa, na mimi nilikuwa nimemshika mkono.

Nimechelewa kufika ninapokwenda. Nivumilie, naandika na kufuta.

Nyuma ya nyumba, pale ulipokuwa ukianika nguo, sasa kuna michungwa tisa. Sijawahi kukuandikia habari zake. Kila mwaka, tarehe ile ile uliyoondoka, nimekuwa nikiunganisha mche mmoja pale, peke yangu, utepe nimeubana kwa meno. Wote tisa wameshika. Hakuna uliokufa. Kwenye vibati vyake kuna alama moja tu, na nafasi tupu pembeni. Mama alikuwa akidhani ni miche iliyobaki kazini.

Alhamisi, siku mbili baada ya kifurushi chako, alikwenda huko nyuma akipapasa njia kwa fimbo. Nilimkuta ameinama kwenye mti wa kwanza, kidole chake kikipita taratibu pale kikonyo kilipoungana na shina. Akaenda wa pili, wa tatu, mpaka wa tisa. Kisha akajinyoosha na kuniambia kwamba amekuwa mke wa mkataji kwa miaka thelathini, ameshika miche mingi kuliko nywele zangu, na anaujua mkato wa kisu cha baba hata ukimfunga kitambaa machoni. Akaniuliza kiko wapi.

Kiko kwangu, dada. Hakikupotea. Hukukipoteza wewe.

Baba alipoanza kutetemeka mikono alikukabidhi kisu chake ukiwa mtoto wa kwanza, akakuagiza ukae nacho mpaka mimi niweze kukata kwa mkupuo mmoja bila kurudia. Ulikitunza tangu akiwa hai mpaka baada ya kumzika. Wiki ile ya safari yako ndipo ulipokagua mikato yangu na kusema nimefaulu, na kwamba utanikabidhi mbele ya mama asubuhi ya kuondoka. Ukasema hutoki nyumba hii kabla hujanikabidhi. Mimi niliyashika maneno hayo ya mwisho tu. Nikajiambia, basi asiponikabidhi, hatoki. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mtu mzima na ndevu zangu, na hiyo ndiyo akili niliyoitumia.

Ulipoingia kuoga nilikitoa kwenye mfuko wa sweta lako. Nikakizungushia utepe wa nailoni na kukifukia kwenye chungu cha mlimau. Unakumbuka ulivyotafuta? Ulifungua magodoro. Ulichekecha udongo wa vyungu arobaini kwa chekeche ya jikoni, mama akikwambia inatosha. Chungu chenye kisu nilikuwa nimekikumbatia mimi, nakihamisha huku na huku nikijifanya nakusaidia. Ulikaa siku tatu zaidi. Nikwambie ukweli, siku tatu zile nilikula nikashiba, nikalala usingizi mzuri, kwa kuwa nilisikia unakohoa chumba cha pili na nikajua bado upo.

Siku ya nne kazi haikuweza kukusubiri tena. Ulisimama mlangoni na begi, macho yamevimba, ukaniomba msamaha. Wewe uliniomba msamaha mimi. Na mimi, dada, nikakusamehe.

Mwaka wa kwanza nilinyamaza kwa aibu. Nilikuwa nimeshaandika nusu ya barua ya kukuambia, kikaja kile kisu chekundu pamoja na kurasa sita, ukinieleza chumba chako, dirisha, majirani, na jinsi ulivyozunguka maduka ukitafuta cha mkono wa kushoto. Sikuwa nimepata kurasa sita kutoka kwako tangu uondoke. Nikaogopa kwamba nikisema ukweli vifurushi vitakoma, na kurasa pia. Nikaichana ile nusu barua. Tangu hapo, kila kisu kilichoingia koponi kilinipa furaha wiki moja na kunichoma mwaka mzima. Nilidhani hasara yote ni yangu. Sikujua kwamba wewe huko umejiwekea sharti, na kwamba kisu nilichokificha ili usiondoke ndicho kinachokuzuia kurudi. Nimekunyang'anya miaka tisa ya kumwona mama, na mama nimemnyang'anya ya kukuona wewe. Sijui hilo linaombewa msamaha vipi. Naliomba tu hivi hivi, nimepiga magoti ingawa huoni, na mama ni shahidi kwamba nimepiga kweli, maana amenijia juu kwamba nachafua suruali.

Nimekukosa sana. Si kazini tu. Nakukosa mezani, nakukosa ninapoona kitu cha kuchekesha barabarani na sina wa kumgeukia. Mara nyingine naviita visu vile kwa majina ya utani uliyoniita mimi, ili nyumba isiyasahau.

Jana niliamua kukutumia kisu cha baba ndani ya bahasha hii, uone kwa macho yako kwamba kipo, umwambie yule fundi aache. Nilikifuta mafuta, nikakifunga kitambaa, nikakiweka mezani niandike anwani. Mama akakaa karibu yangu, akanisikiliza nikimweleza. Akauliza, kwa upole kabisa, kwamba kikishafika huko, wewe utakuwa na sababu gani ya kuja. Nikaenda kutafuta gundi ya bahasha. Niliporudi kitambaa kilikuwa mezani, kisu hakipo, na mama amekaa pale pale akimenya vitunguu kama mtu asiyejua lolote.

Nimemwomba, nimembembeleza, nimetafuta mpaka kwenye pipa la unga. Anasema yeye ni mwanamke asiyeona vizuri, atajuaje vitu vinapokwenda. Kwa hiyo leo nimebeba kile cha mbao tena. Mvua imenyesha, na nimekipasha kwapani mpaka saa tatu.

Mti wa kwanza umezaa. Machungwa yameiva na sijachuma hata moja, nasubiri kibati kijazwe ile alama ya pili. Njoo uifunge alama yako. Njoo unipige kofi kwanza ukipenda, kisha unywe chai zako mbili, kisha uchukue chekeche ile ile uanze kutafuta. Safari hii sitakumbatia chungu chochote.

Mama anakusalimu sana na anasema njia ya kurudi nyumbani haijabadilika. Mzee Polepole naye anakusalimu, akiongeza kwamba ukija atakuachia utepe bila ugomvi wowote. Wasalimie jirani zako wote wa kwenye kurasa zako, na yule fundi wa visu mwambie tunamshukuru ila kazi imeahirishwa. Tafadhali usininunulie kingine, kopo limejaa.

Ni mimi mdogo wako, yule yule uliyemwomba msamaha bila kosa lako,

Shoto